Uso Chini ya Kidole Gumba

Benchi la mbele ya duka la Dora, pale Berkovitsa, Bulgaria, liko chini ya ukuta wa matangazo ya misiba yenye picha, kwa hiyo wanywa kahawa wa hapo hukaa na marehemu mgongoni, na wameshazoea. Asubuhi hiyo mzee Krum alikuja na barua ya Wajerumani. Mwezi Juni, akirudi peke yake kutoka kwa mwanawe Nuremberg, kamera ilimnasa akienda mia na kumi na saba penye themanini. Walitaka kujua nani alikuwa kwenye usukani. Jumamosi alikuwa aendeshe tena kwenda huko, safari hii na mjukuu wake Bilyana, na barua ilikuwa imekaa mfukoni mwake wiki nzima.

— Ujerumani hakuna kikomo, alisema Vasko, aliyeitwa Tani Ishirini kwa ajili ya lori lake la zamani. — Wanakutania hao.

— Hakuna kikomo pasipo na kibao, alisema Genko. Huyu aliitwa Wakili. Alikuwa bawabu wa mahakama. — Palikuwa na kibao?

— Barua inasema barabara ilikuwa inatengenezwa, alisema Krum. Yeye hakukumbuka kibao wala mafundi.

— Ichane, alisema Vasko. — Barua zao zinafia mto Danube.

— Zamani hizo, bwana wewe, alisema Wakili. Siku hizi kamera zinasemezana. Ukipita ya Serbia, inaiambia ya Hungaria, huyo anakuja. Ya Hungaria inaiambia ya Austria.

— Kwa lugha gani?

— Ya kamera.

Krum hakucheka.

— Basi kana, alisema Vasko. — Sema si wewe.

— Wameleta na picha.

— Tuone.

Krum aliinua karatasi kidogo, kidole gumba kikiwa juu ya uso wa pichani. Yalionekana masharubu tu. Vasko aligeukia ukuta.

— Stoyan huyu hapa, masharubu yaleyale. Mwandike Stoyan.

— Stoyan kafa Februari, alisema Wakili.

— Ndiyo vizuri. Watamnyang'anya leseni?

— Na kosa ni la Juni.

— Watajuaje? Tangazo lenyewe la Kibulgaria.

Wakili alifikiri, akatoa kalamu. — Stoyan nani vile, jina la baba yake?

Hapo akatokea Ralitsa, mkamwana wa Krum, mama yake Bilyana, amefuata mkate. Begi la mtoto alikuwa ameshalifunga tangu juzi. Akaichukua barua mkononi mwa mkwewe kabla hajaikunja, akaitazama ile picha.

— Baba, mbona hapa umefumba macho?

Wakili alirudisha kalamu mfukoni. Vasko alichungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Krum alitaka kusema jua lilimpiga usoni, lakini pichani waipa zilikuwa zinafuta mvua. Wiki nzima alikuwa akijiuliza hilo hilo, na wiki nzima alikuwa anaogopa kwamba alisinzia.

Akatoa funguo za gari, akaziweka juu ya barua, mkononi mwa Ralitsa.