Sufuria ya Diem na Maji Mekundu ya Bay

Kibandani kwa Bi Sau, muuza kahawa, kwenye kona ya kichochoro kinachoteremkia pwani ya mji wa Quy Nhon, viti ni vya plastiki, vifupi hadi magoti yanakaribia kidevu, na kahawa hudondoka kwenye glasi tone kwa tone, haina haraka na mtu. Asubuhi hiyo Bay Mikeka aliwahi kuliko wote. Hakuwa amelala. Wakubwa wa kata walishamwambia: maji yake mekundu ya kutilia mikeka rangi yakionekana tena mtaroni, afunge kazi. Tumaini lake lilikuwa chupa moja ya maji hayo aliyompa jirani yake Diem, mwalimu wa kemia pale chuoni, ajaribu kuyasafisha.

— Unamngoja binti wa sufuria? jirani mwingine, Tu Mbishi, alimuuliza, hata hajakaa. Nasikia anapika lulu bandia.

— Lulu wapi! Bi Sau alidakia. Anapika unga mweupe, ule wa kwenye rangi za ukuta. Kaniambia mwenyewe.

— Unapikwa ili iweje? Uive?

— Uwe vijineli, vibomba vidogo, Bay alisema. Vyembamba hata unywele ni gogo mbele yavyo. Anauchanganya na magadi makali, anafungia kwenye chungu cha chuma, anatia kwenye joko.

— Chungu kimefungwa, kina maji, kiko motoni? Bwana, hilo ni bomu! Siku likilipuka, mtaa mzima tutaamka weupe kama mkate wa mchele.

— Halafu unga huo unakula rangi, Bi Sau aliongeza, macho yamemtoka.

— Unakula rangi? Leo utakula wekundu wa mikeka, kesho wa pilipili, keshokutwa wa midomo ya wake zetu. Hapo ndoa zitapona kweli?

Walicheka mpaka kiti kimoja kikateleza. Bay alijaribu kucheka nao, kisha akageuka kutazama barabara.

Pikipiki ikasimama. Diem alishuka bila hata kuvua kofia, akaweka chupa na mfuko wa unga mbele ya Bay. Maji ya chupani yalikuwa maangavu kabisa, na chini umetulia unga kidogo.

— Mzee Bay, haya ni yako.

Bay aliishika kwa mikono miwili. Aliinusa. Aliitazama kwenye mwanga, akaona vidole vyake upande wa pili.

— Wekundu umekwenda wapi, mwanangu?

— Jua likiupiga ule unga, unaivunjavunja rangi. Neli zina nafasi kubwa ya kuishikia. Nimeifungua sufuria mara ngapi nikakuta madonge matupu! Siku moja nililia pale pale. Safari hii, kwenye hadubini, zilikuwa neli tupu.

— Umembadilishia chupa, Tu alisema, lakini sauti ilishapungua ukali.

— Nyamaza wewe! Bay alifoka, machozi yakimlengalenga. Nitautia unga huu kwenye mapipa yangu yote, niyaanike juani. Waje hao wa kata!

Bi Sau alimmiminia Diem kahawa kwenye glasi ya barafu, akatia maziwa mazito ya kopo bila kupima. Nyuma ya Bi Sau alikuwa ameketi dada yake, aliyeshuka alfajiri hiyo kwenye basi la kutoka Huế, mji wa mvua nyingi.

— Samahani, mgeni alisema. Hiyo dawa inataka jua, sivyo?

— Jua kali, shangazi, Diem alijibu.

— Sasa ukifika mwezi wa kumi, mvua ikishika isikatike, jua mtalitoa wapi?

Bi Sau alimtazama Diem. Diem alitazama glasi yake, akakoroga barafu iliyoanza kuyeyuka.

— Shangazi, sijui, alisema. Hilo bado sijalipata.

Kila mtu akainua macho. Mbingu ilikuwa buluu tupu, jua limeanza kuchoma paa za mabati.

Bay aliikumbatia chupa, akasimama.

— Basi leo lipo, alisema. Tu, acha kukaa hapo kama mzigo. Njoo unisaidie kutoa mapipa uani.

Na Tu Mbishi, kwa mara ya kwanza watu wanayoikumbuka, alikwenda bila kubisha.