Friji ya Shemeji na Kivuli Chetu

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi ndiye mimi, kwa hiyo hata nikitaka kulikimbia sina pa kwenda. Mbele yake limeegeshwa basi la Konokono. Jina hilo alilipata alipostaafu udereva: tajiri wake alimwachia basi kuukuu badala ya kiinua mgongo, naye akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na kabati, akahamia humo na mkewe. Wana mpango wa kuwazungukia watoto wao mmoja mmoja, maana kila mtoto katua pembe yake. Kikwazo ni ugonjwa wa sukari wa shemeji, huyo mkewe. Dawa yake ya sindano inataka ubaridi, na ubaridi unataka umeme. Ndiyo maana paa la basi likawekwa sola, na waliopanda kuifunga ni sisi wa benchi, kwa sababu Konokono alipotaja kuita fundi tulinuna. Fundi wa nini, na sisi tupo?

Asubuhi hiyo Konokono alishuka kutoka ndani ya basi na chupa ya maji, akaiweka katikati yetu, kando ya birika la kahawa.

– Shikeni hiyo.

Waziri, ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, alikuwa wa kwanza kuishika.

– Ya kuogea hii. Unaumwa mafua?

– Imetoka kwenye friji.

Fyuzi naye akaishika. Zamani alikuwa akitengeneza redio, na jina tulimpa kwa sababu huungua haraka, yeye na redio zake.

– Taa ya kile kiboksi cha sola inasemaje?

– Nyekundu. Friji imezima kabisa.

– Nyekundu ni rangi ya nguvu, alisema Waziri. Umeme umejaa.

– Umejaa wapi, na maji yamechemka? aliuliza Fyuzi.

Konokono hakukaa. Alisimama ameshika mlango wa basi lake kama abiria.

– Jamani, mke wangu anaruhusiwa leo kutoka hospitali. Muuguzi kaniuliza, mzee, nyumbani friji ipo? Nikasema ipo, inagandisha mpaka vidole. Na mwenyewe yupo pale kitandani ananisikiliza, anatabasamu. Anarudi na dawa za mwezi mzima. Nitaziweka wapi?

Hakuna aliyemtazama usoni. Mimi nilikuwa na mteja kitini, nikajifanya namkata nywele ambazo nilishazimaliza.

– Ilianza lini? aliuliza Mbavu. Huyu ni fundi cherehani, mwembamba, na husema kwa kunong'ona hata akiomba sukari.

– Mwanzoni iligandisha vizuri tu. Tangu joto lilipozidi ndiyo ikaanza kusuasua.

– Umeona! Waziri akapiga goti lake. Joto! Paneli imevimbiwa. Jua limezidi, imekula ikashiba, sasa inacheua. Mtaka yote hukosa yote.

– Usidanganye watu, Fyuzi akawaka. Tatizo ni waya. Umeme umetoka juu, ukakata kona dirishani, ukapita chini ya kitanda, ukapanda tena kwenye friji. Ukifika umechoka. Haraka haraka haina baraka.

– Hapo haraka iko wapi?

– Ndiyo hivyo, haipo!

Mbavu alikunywa kidogo, akanong'ona:

– Mimi nadhani imekumbuka kwao.

– Nani?

– Paneli. Imetengenezwa nchi ya mbali, imezoea jua la huko. Hili letu hailielewi. Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza. Sisi tumeipa nini?

Tulicheka. Konokono pia alijaribu, midomo ikamgomea.

– Wote hamyajui mabasi, Waziri akainuka kabisa. Lile paa limebeba mizigo ya watu maisha yake yote. Sasa limewekewa kitu juu, linadhani ni gunia. Linasubiri safari! Konokono, washa gari, zunguka mtaa mzima, paa litulie. Utaona friji inavyotoa moshi wa barafu.

– Nikizunguka, nanyi mtakaa wapi? Konokono aliuliza, bila ubaya wowote.

Hapo niseme jambo moja. Joto lilipokuja, benchi letu lilikuwa halikaliki. Tukatafuta turubai, upande mmoja tukaufunga kwenye misumari ya ukuta wangu, mwingine kwenye basi. Konokono mwenyewe alitushikia ngazi. Tangu hapo tumekaa kama mabwana, na kila anayepita anatusifia.

– Ngoja kwanza, asiondoke, Fyuzi akasema haraka. Nina wazo lingine.

Wazo hilo hatukulisikia. Pikipiki ilisimama kwenye kona, akashuka shemeji. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili, mkononi ana kimfuko kinachodondosha maji. Mumewe alimkimbilia.

– Si nilisema nakufuata mchana?

– Kitanda kilikuwa kinasubiriwa, baba. Barafu hii wamenipa wodini, nikasema niwahi kabla haijayeyuka, niziweke dawa kwenye friji yetu.

Friji yetu. Niliona Konokono anageuka kulitazama basi.

Sote tulisimama. Pole shemeji, karibu shemeji, umepona shemeji. Mbavu alipangusa benchi kwa mkono wa shati. Waziri akaonyesha juu kama mwenye nyumba.

– Kaa hapa kivulini upumzike. Wenzetu wanasema kivuli cha mti wa mvumo huwafunika walio mbali. Chetu kinafunika walio karibu. Tumekifunga kwa mikono yetu.

– Asanteni, shemeji zangu. Mwenyezi Mungu awalipe. Jua ni kali kweli.

Alikaa, kimfuko mapajani. Akainua macho kulisifia turubai, akalifuata taratibu kuanzia misumari yangu hadi lilikopandia.

– Na kule mmelifunga wapi?

– Kwenye keria, ng'ambo ya basi, alisema Fyuzi. Tumelipitisha juu lisipeperuke. Hata upepo uje, halitikisiki.

– Juu ya paa zima?

– Lote.

Shemeji akatikisa kichwa, akiwa bado anatazama juu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

– Kwani ile sola mliihamishia wapi?

Waziri alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta methali, yoyote ile, hata ya kukosea. Haikuja. Fyuzi aliangalia mikono yake. Mbavu alinyanyua birika amimine, na birika lilikuwa tupu, lakini aliendelea kuliinamisha.

Konokono ndiye aliyepanda. Tulisikia hatua zake juu ya paa, kisha kamba zikilegea. Mimi nikafungua za upande wangu; mafundo yale niliyapiga mwenyewe na siku ile niliyaonea fahari. Turubai likaanguka miguuni petu, na jua likaja lote kwa mkupuo.

Hatukuondoka. Hakuna aliyeambiwa abaki, ila tulikaa palepale, jasho likitutiririka, tukitazama ardhi. Ndani ya basi tulimsikia Konokono akisema, taa imekuwa ya kijani, mama, subiri kidogo itashika, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha kwa kosa la wengine. Maji ya kile kimfuko yalikuwa yamechora mstari kutoka kwenye benchi hadi mlangoni mwa basi, na yalikuwa yanakauka.

Baadaye kidogo shemeji alitoa kichwa dirishani.

– Jamani, mbona mnaungua hapo nje? Ingieni ndani, kuna kivuli.

Hakuna aliyeweza kunyanyua mguu.