Bu Wuryani na Ufunguo wa Kabati la Mafagio

Bu Wuryani Prasetyaningsih, mama yetu sote, anastaafu Jumatatu, tarehe 1 Julai, baada ya kuitumikia ofisi ya shule yetu hapa Salatiga kwa miaka thelathini na minne. Jarida hili ni la watumishi peke yao, nami naomba libaki hivyo. Wanafunzi wasilione, hasa wale wa darasa la 8C, maana nitakayoyaandika humu yamenitoa jasho mimi mtu mzima.

Aliajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na minne, karani wa mahudhurio. Amewazika kwenye mafaili wakuu saba wa shule, na mmoja wao, sitamtaja, alikuwa akimbishia hodi kabla ya kuingia ofisini kwa Bu Wuryani. Kila Jumatatu kwenye gwaride la bendera alisimama nyuma ya mistari na birika la chai yenye sukari. Mtoto alikuwa hajaanza hata kuyumba, Bu Wuryani keshamfikia na kikombe. Tulidhani ana macho makali tu. Tangu mumewe, Pak Darmanto, atangulie mbele ya haki miaka mitatu iliyopita, amekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Kazi yake iliyojulikana na wote ni ratiba ya usafi. Wanafunzi wetu hufagia na kudeki madarasa yao wenyewe kabla ya vipindi, wanne wanne kwa siku, na kila darasa lina kabati la mafagio lenye kufuli. Bu Wuryani ndiye aliyepanga nani awe zamu siku ipi, na nani atunze ufunguo mwaka mzima. Mimi nilisoma hapahapa, na mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mtunza ufunguo wa darasa letu. Jambo hilo nimeliringia miaka yote. Hata kwenye usaili wa kazi hii nilisema, bila haya, kwamba shule hii iliniamini tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo wasifu huu haukamiliki. Januari niliamua kumpumzisha mama wa watu. Nilimwona anavyoinama juu ya zile karatasi wiki nzima, nikasema hii ni kazi ya kompyuta, na ratiba ya shule nzima ikatoka kwa dakika nne. Siku ya pili akaja mezani kwangu, akaniita Mbak, dada, kama kawaida yake.

"Mbak Nastiti, nirudishie Jumanne ya 8C."

"Ina nini, Bu?"

"Hawa watatu ni marafiki wa kufa na kuzikana. Huyu wa nne ni mgeni."

"Kompyuta haina upendeleo, Bu. Pumzika wewe, unywe chai."

Haki ya Mungu, ndivyo nilivyomjibu. Akanitazama, akaomba kitu kimoja tu, aachiwe kugawa funguo. Nikamwachia nikijiona muungwana kweli. Ufunguo wa 8C akampa yule mgeni.

Mgeni mwenyewe ni Marselina Bere, aliyehamia kwetu kutoka Atambua, kisiwa cha mbali, baba yake alipopata kazi huku. Wale watatu, wakiongozwa na Anindya, walimwachia ufagio kila Jumanne wakakaa madirishani kuiga lafudhi yake. "Hebu sema tena, maana unaongea kama unagombana na mbuzi!" Wenzao wakacheka, na kicheko kikahamia siku nyingine za wiki. Mwezi wa Mei walitosa viatu vyake kwenye ndoo ya kudekia, akarudi nyumbani peku. Kesho yake hakuja, na baba yake akapiga simu ofisini kuulizia barua ya uhamisho. Mtoto alikuwa anaacha shule kwa sababu ya ratiba niliyoitoa kwa dakika nne. Nilipokea simu ile mimi mwenyewe.

Tena alikuwa ameondoka na ufunguo mfukoni.

Siku ya tatu 8C lilikuwa na vumbi. Siku ya sita mtu alimwaga supu ya bakso chini ya meza za nyuma, na siku ya nane Mwalimu Mkuu alipita kibarazani akiwa ameziba pua. Nikaagiza nyundo tuvunje kufuli. Bu Wuryani akasimama mlangoni.

"Hakuna kuvunja. Ufunguo anao mwenyewe."

"Basi tumtume mtu akauchukue."

"Nani?"

"Yeyote tu, Bu!"

"Yeyote hafai. Waende wanaokaa kwenye uchafu."

Nilidhani uzee umemwingia. Nilisema hivyo hata kwa mwenzangu wa dawati la pili, naye ni shahidi, na leo naomba radhi mbele yenu nyote.

Siku ya kumi wakaja ofisini wanafunzi wanne wa 8C, Anindya akiwa mbele na leso puani. Walitaka kujua Marselina anaishi wapi. Kwa miezi minne walikuwa wakimwita "wa Mbuzi", na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia wakilitamka jina lake. Bu Wuryani aliwaandikia anwani, akaninong'oneza: "Nenda nao. Usiseme kitu."

Mama yake Marselina alifungua mlango, akawakagua mmoja mmoja. "Ninyi ndio mliomtosea mwanangu viatu?"

Nilitamani kuwasaidia, lakini niliagizwa nisiseme. Marselina akatokea nyuma ya mama yake.

"Darasa linanuka," Anindya akasema.

"Kwani hamfagii?"

"Ufunguo si unao wewe!" Kisha akasogea hatua moja mbele. "Viatu nilivitosa mimi. Hawa walicheka tu. Mimi ndiye niliyetosa. Nisamehe, Marselina."

Mama alishaunyakua ufunguo kwenye msumari awape waondoke zao. Marselina akauchukua mkononi mwake. "Hapana, Mama. Nitaupeleka mwenyewe."

Alikuja kesho yake. Walifagia darasa zima hata wasio wa zamu, na harufu ile ilichukua siku mbili kwisha. Anindya alideki chini ya meza za nyuma kwa magoti. Barua ya uhamisho baba yake Marselina hakuja kuichukua, na jana nimemwona binti huyo kantini amebanwa katikati ya benchi na wenzake, hana hata pa kuweka kiwiko.

Hapo ningemaliza kwa shukrani. Lakini Jumatano iliyopita Bu Wuryani alinikabidhi droo zake, na ndani ya moja nikakuta bati la biskuti. Nikalifungua. Jamani! Funguo kumi na mbili za akiba, kila mmoja na kikaratasi chake. Wa nane ulisomeka 8C.

"Bu! Huu ulikuwepo muda wote?"

"Ulikuwepo."

"Siku kumi shule inanuka, mimi nimeagiza nyundo, na ufunguo uko kwenye bati juu ya meza yako?"

"Si juu ya meza. Droo ya pili."

Nilikaa chini. Yeye akaendelea kufunga sanduku lake kana kwamba hakuna lililotokea.

"Ufunguo, Mbak, hupewa mtoto ambaye hakuna anayemwita jina. Asubuhi wenzake hawana budi kumtafuta. Wakimtafuta watamwita, na akiitwa kila siku, mwisho atapata wa kula naye. Ningewapa huu wa akiba, nani angemtafuta?"

Nikaanza kucheka, nikakoma. Nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza, usaili wangu, na maringo yangu yote.

"Bu," nikauliza, "na mimi?"

"Wewe ulikuwa unakula umeukabili ukuta."

Nimelia, ndugu zangu, na bado sijamaliza kushangaa. Ratiba ya kompyuta nimeifuta. Tangu juzi nasimama kantini na glasi ya chai, natazama nani anakula peke yake, na tayari ninao watatu.

Bu Wuryani, asante kwa miaka thelathini na minne ya kutujua majina. Umri mrefu, afya njema na usingizi usiokatizwa na kengele, ndiyo dua yetu sote. Zawadi yako utaikuta kwenye bahasha pembeni ya wali wa sherehe. Ni ufunguo wa kabati la mafagio la ofisi hii. Nenda nao nyumbani. Kila asubuhi ya Jumatatu mmoja wetu atakuja kukugongea na kukuita kwa jina, akiuomba. Wa akiba tumeutafuta kila mahali, hatujauona.