Treni Iliyosimama Kwenye Maharage Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Na ninyi wajane na wagane wenzetu mliotoka Dirma na vumbi lote lile la njiani, karibuni sana Tlawi. Katibu ameniambia nizungumze kwa kifupi. Katibu ananifahamu, kwa hiyo nadhani alikuwa ananitania.

Majina sitataja. Atakayejitambua anyamaze tu, na mimi nitanyamaza naye.

Kwanza niwaulize. Nani hapa amewahi kuota treni? Nyoosheni mikono, hakuna faini. Naona mmoja, wawili... na mama pale nyuma. Haya. Kati yenu, nani alikuwa ameiona treni kwa macho yake kabla ya kuiota? Mnaona! Hilo ndilo lililonishangaza mimi. Huku kwetu hakuna reli. Treni niliyoijua ni ile ya kwenye kitabu cha shule ya msingi, imechorwa inatoa moshi mweusi. Sasa ilipitia wapi mpaka ikaingia kwenye usingizi wangu?

Ilianza mwaka wa tatu baada ya mke wangu kufariki. Nilikuwa nimebaki na binti yangu mmoja, wa mwisho, wengine wameshaoa na kuolewa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amefaulu vizuri, akaomba chuo cha uuguzi Morogoro. Wiki ile ile aliyoomba, nikaota. Treni inashuka mlimani, ndefu, moshi unafuka, inapita katikati ya maharage yangu. Inakuja mpaka mlangoni, inasimama. Dirishani amekaa binti yangu, amevaa nguo nyeupe. Na pembeni yake amekaa mama yake.

Ndugu zangu, nawaambia, niliamka jasho linanitoka kama nimetoka kupiga matofali. Na ndoto yenyewe ikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Mnafahamu desturi yetu ya kulima kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani, na mwenye shamba anaandaa pombe ya mtama. Siku ya zamu yangu, tulipopumzika, nikaitoa ile ndoto mbele ya watu. Nilitaka kujua. Mimi ni mtu wa kutaka kujua, hata marehemu mke wangu alikuwa akisema nitauliza maswali mpaka kaburini.

Basi, maana zilikuja nyingi kuliko majembe. Jirani mmoja akasema treni ni serikali, jiandae, wanakuja kupima ardhi. Kijana mmoja akatoa simu, akasema kuna mhubiri anafundisha kwamba treni ni bahati, ikikupita hairudi. Mama mmoja aliyeolewa hapa kutoka Maretadu akasema kitu chochote kirefu kwenye ndoto ni umri mrefu. Nikampenda sana mama yule, nikamwongezea pombe. Lakini mwingine, mtu mzima, akaweka kikombe chini akasema, "Marehemu haji kutembea. Marehemu anakuja kuchukua. Na hiyo nguo nyeupe unajua ni nini."

Nikalima mchana ule sijui nilikuwa nalima nini, nilikata hadi miche.

Mnaniuliza kwa nini sikushika ile ya umri mrefu? Hata mimi nimejiuliza. Nadhani mtu mwenye hofu, ukimwekea maana kumi mezani, atachukua inayofanana na hofu yake. Mimi nilichukua ya sanda.

Sasa nifike pale ninapoona aibu. Mniwie radhi nikisimama kidogo.

Binti yangu hakuwa na simu. Kwenye maombi ya chuo aliandika namba yangu. Siku moja niko zizini, simu ikalia, ujumbe. Umechaguliwa. Chini yake kulikuwa na namba za kuthibitisha nafasi, na tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili yake. Nikausoma mara tatu. Ndugu zangu, niliufuta. Kidole changu hiki hapa. Nikaendelea kutoa samadi.

Jioni akaniuliza, "Baba, hakuna ujumbe?" Nikamwambia hakuna. Kesho yake akauliza tena, nikasema mtandao unasumbua. Siku iliyofuata hakuuliza. Nikamsikia analia zizini, huku anakamua, anajifuta na mkono wenye maziwa. Nikajiambia, heri alie akiwa hai. Nikaona nimefanya kazi ya baba. Nilikuwa nimemwokoa na treni, ndivyo nilivyojiona.

Siku ya kumi akaja mwalimu wake wa sekondari. Huyu mwalimu ni mama wa Kiislamu, mtu wa Tabora, amepangiwa kazi huku kwenye baridi yetu na bado hajaizoea. Alikuja amevaa sweta mbili. "Shikamoo baba," akasema, ingawa hatujapishana sana umri. Nikampa kiti, nikampa chai. Akasema wenzake na binti wameshapata majibu, hata wenye alama za chini, yeye imekuwaje? Nikasema labda mwakani. Akaniangalia tu. Walimu wanajua kumwangalia mtu ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

Binti alikuwa ameenda kuteka maji. Nikaona nibadilishe mazungumzo. Nikamwuliza, "Mwalimu, huko kwenu Tabora treni zipo. Eti kuota treni ni nini?"

Akacheka. "Baba, kuota sijui. Mimi najua treni tu."

"Basi nieleze treni."

Akaeleza! Nyumba yao ilikuwa karibu na stesheni. Akiwa mdogo aliuza karanga na asali madirishani, treni ikisimama. Walipika kwa kufuata treni, ikichelewa na wali unachelewa. Akasema treni haimchukui mtu kwa siri, inapiga honi mji mzima unasikia. Nikamwuliza kitu ambacho kilinisumbua siku nyingi: ikishafika mwisho inageukia wapi, na ni ndefu vile? Akasema kichwa kinafunguliwa, kinazunguka, kinafungwa upande wa pili, inarudi.

"Kwa reli nyingine?"

"Kwa reli hiyo hiyo, baba."

"Kwa hiyo iliyompeleka mtu ndiyo inayomrudisha?"

"Kama ana nauli," akasema, akanywa chai.

Jamani! Sikuwahi kufikiri kwamba treni inarudi. Kwenye kitabu ilikuwa inakwenda tu.

Basi nikamsimulia ndoto. Moshi, binti, nguo nyeupe, mama yake. Akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali ambalo watu wote shambani hawakuuliza.

"Na wewe baba, ulikuwa wapi?"

Nikataka kusema nilikuwa nyumbani. Lakini haikuwa kweli, na nilijua. Kuna kipande cha ndoto ambacho sikuwahi kukisema kwa mtu yeyote. Mimi nilikuwa mbele ya treni. Nimesimama nimetanua mikono, nimeegemea kile chuma kwa kifua, naisukuma irudi mlimani. Haikuwa imesimama kwa sababu imefika kwangu. Ilisimama kwa sababu mimi niliizuia. Watu walikuwa wanapiga kelele madirishani, "Mzee, toka!"

Nikamwambia. Akauliza, "Na mama yake, alikuwa anafanyaje?"

"Ananipungia mkono."

"Anakupungiaje? Nionyeshe."

Nikainua mkono kumwonyesha, na mkono ukaenda wenyewe. Haikuwa hivi, ya kuita. Ilikuwa hivi, mnaona? Hii. Hivi ndivyo mke wangu alivyokuwa akifukuza ndama kwenye maharage. Miaka ishirini na sita nimemwona akifanya hivi kila asubuhi. Alikuwa ananifukuza mimi! Nikaanza kucheka, nikacheka kweli, na katikati ya kicheko nikalia, mbele ya mwalimu wa watu, mzee mzima. Yeye akageuka akawa anatazama kuku.

Sikutafuta maana nyingine. Nikamwambia nimeufuta ujumbe.

Hakunigombeza. Akasema namba zinaweza kuombwa upya, zitakuja kwenye simu hiyo hiyo, lakini mwombaji ni binti na lazima aambiwe. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi sitakusaidia hilo."

Nilimwambia jioni ile. Alikuwa bado ameshika ndoo. Sikujitetea kwa ndoto, nilisema tu, ulichaguliwa, na ujumbe niliufuta mimi. Akaiweka ndoo chini taratibu. Akasema, "Baba, umeniacha nijione mjinga siku kumi." Akachukua kitenge, akaenda kwa shangazi yake. Siku mbili hakurudi. Ile tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Nilikamua mwenyewe, ng'ombe akanipiga teke, nikaona ana haki.

Ijumaa asubuhi akaja. Hakunisalimia. Akasema, "Lete simu." Tukapanda kilimani kutafuta mtandao, yeye mbele, mimi nyuma. Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili ikagoma. Nikaanza kuomba kwa sauti, akaniambia, "Baba, nyamaza, nahesabu namba." Mara ya tatu ikakubali, nafasi ikathibitishwa. Akakaa chini kwenye majani. Mimi pia nikakaa, mbali kidogo. Baadaye akasogea.

Nilimsindikiza hadi Dodoma kwa basi, apande treni ya Morogoro. Wale mliotaka kujua kama ina moshi: haina. Ya sasa inatumia umeme. Hayo niliambiwa, maana mimi sikuiona ikiondoka. Asiye na tiketi anaishia mlangoni. Nilimwuliza mlinzi maswali kama saba, akaniambia, "Mzee, sogea, watu wapite." Nikasogea. Binti akapita, akageuka mara moja, akaingia.

Namshukuru yule mwalimu. Hakutaka kujifanya mfasiri. Namshukuru shangazi wa binti, aliyemfungulia mlango bila kuchochea. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki, maana mlinikalisha hapa nikiwa sijui kuzungumza habari za mke wangu bila kugeuza macho. Na Mungu, aliyetupa usingizi na vituko vyake.

Ninalowaachia ni dogo. Treni maana yake nini kwenye ndoto? Bado sijui, na bado nauliza. Lakini ukitaka kufasiriwa ndoto, isimulie yote, na usiruke pale uliposimama wewe. Sisi tuliofiwa tunajua sana kusimulia waliokwenda. Sisi wenyewe tunajificha.

Binti yuko mwaka wa pili. Kila Jumapili ananipigia, na swali lake la kwanza ni moja: "Baba, umekula?" Mwaka mzima nilikuwa namjibu nimekula, huku jiko limepoa. Jumapili iliyopita aliuliza tena. Nikamwambia nimekula ugali na maharage, nimepika mwenyewe. Akaniuliza niliweka chumvi kiasi gani. Nikamwambia. Akasema ni nyingi mno, na hapo nikajua ameniamini.