Balbu ya Kuilinda Redio ya Mzee Mogesi

Kijiwe chetu cha Nkende kiko mbele ya banda la Wangwe, fundi redio, na siku hiyo Wangwe alishachoka nacho kabla kahawa haijachemka. Umeme ulikuwa umekatika. Ndani ya banda kulikuwa na redio ya santuri ya marehemu Mogesi, ile ya valvu, zile taa za kioo zinazochelewa kupata moto. Mjane wake, Mama Bhoke, alikuwa anakuja leo na santuri moja iliyobaki, ambayo Mogesi mwenyewe anapiga litungu lake la nyuzi na kuimba. Redio nyingine ya kuichezea haipo, na hii haijaonja umeme miaka na miaka.

— Chomeka tu moja kwa moja, alisema Thadeo Profesa, aliyeacha shule darasa la sita. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Profesa, kapasita zimechoka! Ukiipa umeme wote kwa mpigo zinapasuka, transfoma inaungua. Ndiyo maana nimeichomeka kwenye soketi ya balbu, umeme upite kwanza kwenye balbu upungue nguvu. Kukiwa na hitilafu balbu inawaka sana, redio inapona.

— Kwa hiyo chochote ukichomeka pale kinalindwa? aliuliza Saadi Chaja, muuza simu.

— Kinalindwa!

Saadi akaingia bandani na simu yake mpya, maana umeme ukikatika kila mtu huacha simu kwa Wangwe iusubiri. Akarudi kukaa.

— Mura, alisema Nchagwa mfuga ng'ombe, ng'ombe aliyekondeshwa na kiangazi humwachii majani mabichi yote kwa siku moja. Atavimba tumbo afe.

— Umeona? Wangwe alifurahi. Nchagwa kaelewa!

— Basi mnyweshe magadi.

— Nani?

— Redio.

— Magadi hayatoshi, alisema Profesa. Ifukize kwa kinyesi kikavu, wadudu watoke kwenye kapasita. Dalili ya mvua ni mawingu.

Wangwe alitamani kuwamwagia birika zima. Hapo umeme ukarudi. Bandani kukanguruma, kisha paa! Harufu ya kuungua ikatoka hadi nje.

Alikimbilia ndani. Simu ya Saadi ilikuwa kwenye soketi ya balbu, salama kabisa. Redio ilikuwa imehamishiwa soketi ya ukutani, moja kwa moja kwenye umeme.

— Saadi!

— Ulisema inalinda, kaka. Nikaona redio ni chuma cha zamani, itavumilia.

Wangwe alikasirika mpaka matusi yakakosa pa kuanzia. Mama Bhoke akatokea, santuri kaifunga kwenye kanga.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu.

Aliuona moshi. Akaketi kwenye benchi, akaifungua kanga magotini.

— Sasa mzee wangu nitamsikilizia wapi?