Don Libo Aliambiwa Aombe Radhi

Jumapili hii, tarehe ishirini Januari, Liborio Phipps, Don Libo wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutangaza besiboli katika redio yetu ya San Pedro de Macorís. Hakuomba kustaafu. Goti ndilo lililoamua, maana ngazi za chumba cha matangazo zimemshinda.

Mtoto huyu wa wakata miwa alianza na gongo la besiboli mkononi. Siku moja aliupiga mpira ukavuka ukuta, ukavuka barabara, ukatua kwenye sufuria ya sancocho, mchuzi mzito wa nyama na mihogo, ya Doña Ercilia, ambaye mpaka leo hajamsamehe. Wamarekani wakamchukua, wakamtumia misimu minne, wakamrudisha na goti bovu. Mwingine angejifungia ndani. Yeye alikuja kwetu akasema mdomo wake bado mzima.

Na mdomo anao, jamani! Hapa kwetu mtu huja uwanjani na redio sikioni. Alichokiona hakiamini mpaka Don Libo akiseme. Ugomvi wake na mwenye timu ulianzia hapo. Mpwa wa mwenye timu, aliyelinda kituo cha pili, aliachia mpira ukapita katikati ya miguu yake, na Don Libo akausema vilevile ulivyopita. Mwenye timu, ambaye matangazo yake ya ramu ndiyo yanayotulisha, akatoa amri: aombe radhi hewani au afukuzwe.

Kesho yake uwanja ulijaa. Don Libo akakohoa kidogo.

“Nimeagizwa niombe radhi kwa kusema mpira ulimpita kijana wa watu katikati ya miguu. Haya, naomba radhi. Ilikuwa mipira mitatu, nami nilitaja mmoja.”

Maneno hayo yalitoka kwenye kila redio jukwaani, na mwenye timu ameketi papo hapo. Watu walicheka hadi mchezo ukasimama. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Mechi iliyofuata mashabiki walikuja na redio zao, wakazipakata zimezimwa, kimya, mpaka mchezo ukaisha. Mwenye timu akaenda mwenyewe kumbembeleza. Don Libo alirudi kwa sharti moja: asipangiwe cha kusema.

Juzi ofisi ya timu ilituomba tuiondoe habari hii kwenye wasifu huu. Tuliombwa kwa heshima, tukakataa kwa heshima.

Asante, Don Libo. Kalipumzishe goti, ule vizuri, ucheke sana. Na siku ukitusikia tunaogopa kusema tulichokiona, piga simu studio utuseme hewani, mji mzima usikie.