Msinunue Kitabu cha Mshambaa

Kijiwe chetu cha Kwamndolwa kina benchi moja refu, birika la kahawa la Bi Mwaija, na tangu wiki iliyopita kina maboksi manne ya vitabu. Maboksi ni ya Mzee Erasto, Mshambaa aliyekuwa akipokea treni stesheni ya Mnyuzi mpaka alipostaafu. Kaandika kitabu kuhusu marehemu mkewe, Agripina, na anataka kisomwe, basi, hana ombi jingine. Kesho ni siku ya mnada. Katuambia visipotoka kesho, Bi Mwaija avichukue afungie kashata. Tangu aseme hivyo hakuna aliyetulia. Mimi, ambaye hapa naitwa Sindano, nimeacha suruali ya mtu kwenye cherehani. Clinton wa bodaboda anawasha pikipiki na kuizima. Na Sadala, Mzigua wa Handeni, mpiga debe wa mitumba ambaye wote tunamwita Spika, hakai wala hasimami.

— Makosa yote ni yako, Spika — nikamwambia. — Mnada uliopita ulipanda juu ya meza ukasemaje?

— Nilisema msinunue kitabu cha Mshambaa. Miaka arobaini ya ndoa hakumaliza sentensi mbili mbele ya mkewe, leo kazitoa wapi za kujaza kitabu? Watu si walicheka?

— Walicheka. Kilinunuliwa hata kimoja?

— Sindano, ule ni utani. Mimi Mzigua, yeye Mshambaa. Nisipomtukana yeye nimtukane nani?

— Na watani wenzako wakafanyaje?

Wenzake walifanya kile wanachofanya siku zote. Mtani akipenda kitu chako anabeba, nawe huna ruhusa ya kununa. Wazigua walibeba vitabu kumi na moja mbele ya macho yetu, na mmoja akaomba na mfuko wa kubebea. Mzee Erasto aliwatazama tu akitabasamu. Mimi nilitaka kulia.

— Tatizo Spika anatumia mdomo — akasema Clinton. — Siku hizi ni klipu. Mzee nampakia hapa, tunadondoka pale karibu na stendi, taratibu kabisa, vitabu vinamwagika barabarani. Watu wanakuja kuokota, wanasoma jina. Hiyo ndiyo kiki.

— Nina miaka sabini na mbili, Clinton.

— Ndiyo maana nimesema taratibu, mzee.

Bi Mwaija akaguna huku akimimina kahawa.

— Mngekuwa na akili mngetangaza kwamba kitabu hiki ni marufuku kwa wanaume. Wake watanunua wote kabla ya adhuhuri, na waume watakisomea chooni.

Na mimi nikatoa langu, maana akili ya kijiweni inaambukiza.

— Tuchane kurasa kumi za mwisho kwenye kila kitabu. Mtu akitaka kujua mwisho wake, aje hapa tumsimulie.

— Utamsimulia nini? — akauliza Spika. — Mwisho wenyewe unaujua?

Nikaona bora ninywe kahawa. Spika akapanda juu ya benchi.

— Sikilizeni. Tunaazima jeneza. Mzee analala ndani, mimi navaa kanga, nalia mnada mzima unisikie. Watu wakishajaa, mzee anafumbua macho, anasema sifi mpaka msome ukurasa wa kwanza.

Clinton alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Erasto hakucheka.

— Utavaa kanga gani, Sadala?

— Yoyote, mzee. Misiba ya huku nani asiyenijua? Nimevaa nguo za marehemu wangapi, nikaigiza mwendo wao mpaka wafiwa wakasahau wanalia?

— Wengi — akasema Mzee Erasto. — Wengi sana.

Mguu wangu ulikuwa unacheza wenyewe. Nikamwambia achague basi, kesho ndiyo hiyo: adondoke, azikwe au achanwe.

— Msome — akasema polepole. — Niliwaletea ninyi kwanza.

Tukaanza kuangalia barabara. Clinton akasema ana abiria wengi mno. Mimi nikaitaja ile suruali. Spika akasema anauza mitumba mwaka wa ishirini na hajavaa hata shati moja, muuzaji hana haja ya kujaribu mali.

Wakati huo alikuwa amesimama mwanamke mbele yetu, vumbi mpaka magotini, mfuko wa plastiki mkononi.

— Hamjambo kijiweni. Shikamoo mzee. Naitwa Shamsia, natoka Kwaluguru. Kaka yangu alirudi na hiki kutoka mnadani, anajisifu kambebea Mshambaa.

— Umekirudisha? — akauliza Clinton.

— Nikirudisha si nitachekwa na ukoo mzima? Nina swali kwa mwenyewe. Ngojeni nisome kwanza.

Akafungua karibu na mwisho, akasoma akiwa amesimama.

“Siku ya kumzika Agripina sikuwa na chozi wala neno. Akatokea mtani, Mzigua, kavaa kanga ya njano ya marehemu, anachechemea kama yeye. Akaja mpaka mbele yangu akaniita kwa sauti ya mke wangu kabisa: Erasto, kuku umewafungia? Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakapata njia, nikalia kwa mara ya kwanza tangu augue. Mtu yule aliniokoa. Sijampa asante mpaka leo. Kila nikimwona, maneno yanagoma.”

Akafunga kitabu.

— Nimekuja kukuuliza, mzee. Huyo mtu umeshampa asante?

Mzee Erasto alitazama ndani ya kikombe chake. Clinton alikuwa ameshika ufunguo wa pikipiki na hakuuzungusha. Bi Mwaija akainamisha birika amwongezee mtu, likatoa matone mawili ya mashapo, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilimwangalia Spika. Alikuwa ameshuka kutoka juu ya benchi na amekaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mikono katikati ya magoti. Mdomo unaouzia mnada mzima ulifunguka, ukafungika, ukafunguka tena. Kisha akajaribu sauti ile, nyembamba, ya mwanamke aliyechoka.

— Erasto, kuku…

Hakuweza kumaliza.

— Nimewafungia — akajibu Mzee Erasto.

Nilivuta boksi la kwanza, nikatoa kitabu, nikaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi na kuanza ukurasa wa kwanza.